Upande wa Chini Usiguswe

Mlango wa bati ulilia kidogo, kiii, kisha ukanyamaza. Kulikuwa hakujapambazuka. Jentrix aliushika kwa mikono miwili usije ukamwamsha Wakoli, mumewe. Jana Wakoli alishinda sokoni Otonglo akipakia magunia, na bado jioni alikumbuka kumletea sabuni.

Jentrix akashuka shambani nyuma ya nyumba. Shamba lao lilikuwa dogo, na lilikuwa na adui. Adui huyo ni gugu lenye maua ya zambarau. Wajaluo huliita kayongo. Ukiliona utadhani ni pambo, lakini chini ya udongo linashika mizizi ya mahindi na kuinyonya. Mwaka uliopita mahindi yao yalidumaa, wakaishi kwa unga wa dukani.

Msimu huu kituo cha utafiti cha serikali kiliwafikia. Mtafiti wake, binti wa mjini Kisumu aitwaye Naeema, aligawa shamba kwa kamba. Upande wa juu alipanda mahindi pamoja na desmodiamu, mmea unaotambaa ardhini na kulizuia kayongo. Upande wa chini alipanda mahindi peke yake, kama walivyozoea.

"Upande wa chini palilieni magugu mengine," alisema, "lakini kayongo msiliguse."

Jentrix alikubali. Ila leo Naeema alikuwa anakuja, na upande wa chini ulikuwa zambarau tupu. Jirani yake, Awuor, amwitaye kwa jina la mwanawe, alikuwa ameshacheka: "Yawa, Mama Laban, siku hizi unauza maua?" Mgeni naye aje aone aibu hiyo? Jentrix akainama, akaling'oa kayongo lote la upande huo. Kulipokucha, shamba lilikuwa safi kama uwanja wa harusi.

Naeema alifika asubuhi. Alivua viatu vyake vizito asikanyage mimea, akaanza kuhesabu. Upande wa juu, mashina machache ya kayongo. Upande wa chini, hakuna hata moja. Akahesabu tena.

"Umeona kazi?" Wakoli alisema kwa furaha. "Safi pande zote!"

"Nimeona, Baba," Naeema alijibu polepole. "Basi desmodiamu haisaidii hapa. Nikiandika hivi, wakubwa watasema pesa za utafiti huu ziende kwingine. Na sitaweza kuwabishia."

Jentrix aliutazama upande wa chini. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mahindi ya mwaka ujao je? Na huyu binti wa watu, amesimama kwenye tope akidhani kazi yake imeshindwa.

"Mwanangu, usiandike," alisema. "Ni mimi. Nimeling'oa alfajiri. Niliona aibu ukute shamba chafu."

Wakoli alishika kichwa. "Wewe mama! Umefagia mpaka majibu!"

Naeema akacheka hadi akashika mbavu. Jentrix akapata pumzi.

"Sasa pesa ya serikali nitailipa vipi?" aliuliza.

"Ni pesa yako pia, Mama. Ukinunua sabuni, ndani ya bei kuna kodi. Kodi za watu wote huingia mfuko mmoja. Serikali huchota humo pesa za shule, za barabara, na kidogo za utafiti. Hata mimi nilisoma chuo kwa mkopo wa serikali."

"Na mbona mnatumia kodi kulea gugu?"

"Ili tujue ukweli. Bila upande mbaya, ule mzuri tutaulinganisha na nini? Pesa ya umma si ya kubahatisha. Tukibahatisha, tutawadanganya wakulima wengi."

"Basi nimeharibu kila kitu?"

"Hapana. Nitaandika kwamba limeng'olewa, na hesabu ya leo haitatumika. Lakini lingine bado liko chini, litatokea tu. Safari hii liache."

Likatokea kweli. Jentrix akaliacha, ingawa mikono ilimwasha.

"Mama Laban!" Awuor aliita akipita. "Hata jembe limekushinda?"

"Cheka tu. Hiyo ni kodi yako inachanua."

"Kodi yangu? Mimi muuza dagaa wa omena, kodi si ni ya watu wa ofisini?"

Jentrix alimpa kiti na chai, akamweleza habari ya sabuni. Awuor akaacha kucheka. "Kumbe! Basi na mimi nataka kujua majibu."

Wakati wa mavuno Naeema alipima mahindi mbele yao wote. Ya upande wa juu yalikuwa manono. Ya chini yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

"Kayongo halijaisha," aliwaambia. "Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Kazi hii inataka misimu kadhaa, isikatwe katikati."

Serikali ya kaunti ilipowaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, Jentrix na Awuor walikwenda pamoja. Jentrix alisimama. Akainua mahindi mawili, moja nono, moja lenye mapengo.

"Haya yametoka shamba moja," alisema. "Utafiti umetuonyesha tofauti. Tunaomba pesa itengwe ili wakulima wote wafundishwe."

Bajeti ilipotoka, fungu la mbegu za desmodiamu na mafunzo lilikuwemo. Msimu uliofuata Naeema alifundisha wakulima wa Otonglo, Awuor akiwa mstari wa mbele. Nyumbani kwa Jentrix unga wa dukani ulisahaulika, na desmodiamu iliyokatwa ikalisha ng'ombe wa jirani.

Mafunzo yalipokwisha, Jentrix alimsindikiza Naeema hadi barabarani, akamtilia mahindi mabichi mkobani.

"Rudi tena, mwanangu," alimwambia. "Hata ukikosa cha kupima, wewe njoo tu."