Uzito Juu ya Mukantabana

Haya yalimkuta Niyigena, jirani yetu hapa Kamembe, na kila nikiyakumbuka hasira hunipanda upya, maana hayakuwa na haja yoyote ya kutokea.

Asubuhi ile ilianza kama nyingine zote. Alimwosha mama yake, Mukantabana, aliyelala kitandani tangu kiharusi kimpate, akamkausha, akamgeuza alalie ubavu akitazama ukuta. Chini ya mgongo, pale mfupa unapokutana na godoro, palikuwa na kidonda cha kulala, na juu yake bandeji nene ya sponji iliyobandikwa na Izabayo, muuguzi wa kituo cha afya. Nyingine zilikuwa visiginoni, ambako ngozi ilikuwa bado nzima, ili isije ikachubuka.

"Sponji inakunywa maji ya kidonda na kulinda ngozi," Izabayo alikuwa amemweleza, "lakini haimugeuze mugonjwa. Hiyo ni kazi yako." Akamfundisha na kubonyeza wekundu kwa kidole. Ukififia, ngozi iko salama. Ukibaki, kidonda kimeanza. Cha Mukantabana kilikuwa kinafunga vizuri, kwa hiyo Niyigena akaenda zake sokoni kuuza vitenge.

Nyumbani alibaki maman mdogo wake, Mukamurenzi, dada wa mgonjwa. Mama huyo alikuwa na kichwa kigumu, Mungu anisamehe. Kwake yeye, mgonjwa anayetazama ukuta amekwisha kuwaaga walio hai, basi kila Niyigena alipotoka alimrudisha dada yake chali, juu ya kidonda kilekile. Siku hiyo aliona bandeji imevimba kwa maji. Akaamini inamnyonya mtu damu. Akaibandua, akaitupa jalalani, akaenda kumwita mganga, mzee Muhigirwa.

Mchana Niyigena alirudi kuchukua vitenge vingine, akawakuta. Dirisha limefungwa. Moshi wa majani umejaa chumbani. Mama yake yuko chali, na mganga ameinama juu yake ananong'ona, akimwita aje mtu asiyeonekana.

"Weye uliyemuroga, kuya. Kuya ukae kwa muntu wako. Kaa, tukuone."

Niyigena hakutaka kuona chochote. Alimkwida yule mzee, akamburuta mpaka uani pamoja na chungu chake, sisi majirani tukitazama. Nilimsifu moyoni.

"Sijamaliza," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Uniache nimalize, maman."

"Utamalizia kwenu."

Muhigirwa alimtazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua, akaondoka. Jioni alionekana akivuka mpaka kuelekea Bukavu, na hakuna aliyemwona tena.

Kesho yake, akimwosha mama yake, Niyigena aliona wekundu. Haukuwa mgongoni. Ulikuwa kifuani, juu ya mfupa. Alibonyeza kwa kidole, ukabaki vilevile. Mama huyu hakuwahi kulazwa kifudifudi, na juu ya kifua chake hapakuwa na kitu ila shuka.

"Umemufanya nini tena?" aliuliza kwa ghadhabu.

"Sikumugusa," maman mdogo alijibu. Safari hii alikuwa anasema kweli.

Niyigena hakwenda sokoni. Alibandika sponji kifuani kwa mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akafungua dirisha, akakaa kando ya kitanda. Jua liliingia. Watoto walicheza nje. Hakuna aliyepita mlangoni.

Sponji ikabonyea.

Taratibu. Katikati, kisha kingo. Mama akafungua mdomo, akatafuta pumzi, akaikosa. Kila upande wa mbavu zake godoro likazama. Mashimo mawili. Mahali pa magoti.

"Tulimuita akuye kukaa," Mukamurenzi alinong'ona kutoka mlangoni. "Kuko maneno ya kumuinua. Mzee alikuwa hajayasema. Ukamufukuza."

"Yaseme weye."

"Siyajue."

Niyigena angeweza kumpiga. Alimchukia maman mdogo, alimchukia mganga, na alijichukia mwenyewe kwa ile haraka yake. Alipeleka mikono juu ya kifua cha mama yake kukisukuma kile kitu. Mikono haikugusa kitu, ila ilishuka kama imebebeshwa mawe. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa myeusi.

"Shuka," alisema akiwa ameuma meno. "Ni mimi niliyekukatiza. Ukitaka pa kukaa, kaa kwangu."

Sponji ikainuka. Mama akavuta pumzi ndefu. Na Niyigena akapiga magoti bila kutaka.

Vidonda vya Mukantabana vilifunga vyote, cha mgongoni na cha kifuani. Mukamurenzi alirudishwa kwake Nzahaha, akawa anakuja kukaa na dada yake pale tu Niyigena anapolazimika kutoka. Niyigena akakonda, akawa anatembea ameinama. Siku moja alikwenda kituoni kuchukua bandeji, na Izabayo akamhurumia.

"Umebakia mifupa, dada. Panda mizani."

Sindano ya mizani ilikwenda mbali, uzito wa watu wawili. Izabayo akakunja uso.

"Imekufa hii. Shuka."

Niyigena akashuka. Sindano ikarudi nusu ya njia. Ikasimama hapo. Mizani ilikuwa tupu.

Wote wawili waliitazama. Mabega ya Niyigena yalikuwa mepesi, mepesi mpaka machozi yakamtoka. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kukimbia. Lakini kitu kile kilihitaji pa kukaa, na mtu kiliyeitiwa alikuwa nyumbani amelala, hawezi hata kujigeuza.

Akapanda tena juu ya mizani.

"Panda, mujinga weye," alikinong'oneza. "Twende."

Alitoka ameinama, bandeji mkononi. Sindano ilirudi kwenye sifuri. Lakini mpira mweusi wa ile mizani una mabonyeo mawili ya mviringo, na Izabayo ameyasugua, ameyamwagia maji ya moto, hayajainuka mpaka leo.