Bawaba Tatu

Bawaba ililia. Mara moja tu, kwii, halafu kimya.

Mke wa seremala alifumbua macho. Mumewe alikuwa amelala ubavu, mgongo ameukaza kama mtu aliye macho. Binti yao wa miaka sita alikuwa kwenye godoro lake chini ya dirisha, anakoroma kidogo.

Asubuhi waliukuta mlango wa mbele na komeo lake kama walivyouacha, ila bawaba ya chini ilikuwa imefunguliwa. Skrubu zake nne zilipangwa kizingitini, moja kando ya nyingine, kama za fundi asiye na haraka.

"Fundi gani wewe, mlango wako mwenyewe unakushinda?" mkewe alimtania. "Wateja wakisikia, tutakula vumbi la randa."

"Mbao zinatanuka," alisema seremala. Hakucheka. Alizikaza zile skrubu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Walikuwa na wiki tatu katika nyumba ile ya kona, nje kidogo ya mji. Kabla ya hapo walibanana kwenye chumba kimoja ambacho kodi yake ilipanda mara mbili ndani ya mwaka, hadi wakapewa mwezi mmoja wa kuondoka. Mkewe, mshona sare za shule, alizunguka mitaa yote akiuliza vyumba, akarudi na visigino vilivyopasuka. Kisha jioni moja mumewe akaingia na ufunguo. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, kwa kodi ileile ya zamani.

"Umemroga mwenye nyumba?" mkewe aliuliza, huku akicheka na kupima madirisha kwa macho, akihesabu mapazia.

"Nilimfanyia kazi ndogo," alijibu mumewe, akatoka nje kunawa mikono.

Usiku wa pili ilifunguka bawaba ya kati. Safari hii ilikuja na harufu ya godoro lililolowa likakaukia kivulini, ingawa mvua zilikuwa zimekatika kabla hawajahamia. Na kikohozi. Kilianzia nje ya mlango, kikavu, cha mtu anayejizuia asisumbue watu, kikaingia sebuleni bila mlango kufunguka, kikapita kwenye cherehani, kikasogea polepole hadi chini ya dirisha, kikanyamaza hapo, na katika ukimya ule binti yao akakohoa, mara moja, kikavu vilevile, kama mtu anayejibu salamu.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, vidole vyake vimezama kwenye mkono wa mumewe. "Umesikia?"

"Lala."

"Nilale vipi? Tuhame."

"Tuhamie wapi, mama? Hata kile chumba chetu cha zamani hatukiwezi sasa. Tutalala barabarani na mtoto?"

Kulipokucha mtoto hakuweza kuinuka. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa shida. Mkewe hakumngoja mumewe. Aligonga mlango wa jirani wa kwanza hadi wa nne, na kila alipouliza nani aliishi pale kabla yao, watu walikumbuka ghafla vyungu vyao jikoni, wakaingia ndani. Mchana akarudi na mganga, bibi mfupi aliyevua viatu nje, akapapasa bawaba, akanusa vidole vyake.

"Huyu hakufia ndani," alisema bibi. "Alifia pale nje, akiitazama nyumba hii. Jini likamkuta analia, likauvaa uchungu wake kama nguo."

"Litoe, bibi. Tafadhali."

"Haliogopi dawa zangu, mwanangu. Linataka kuitwa jina la mwenye uchungu. Nani analijua?"

"Sisi ni wageni hapa," alisema mke. "Majirani hawataki hata kulitaja."

Kwenye godoro, binti alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Baba analijua."

Hapo, jua likiwa bado kali kwenye sakafu, skrubu ya kwanza ya bawaba ya juu ilianza kuzunguka yenyewe, taratibu, na kwa kila mzunguko pumzi ya mtoto ilifupika, skrubu ikianguka kizingitini na mtoto akitweta, ya pili ikianza, mama akiubana mlango kwa mabega yote mawili kana kwamba angeweza kuishika roho ya mwanawe kwa kushika ubao.

"Sema!" alimgeukia mumewe. "Unajua nini?"

Seremala alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

"Kodi ilimshinda miezi miwili. Mwenye nyumba akaniambia, ng'oa mlango, atatoka mwenyewe, na wewe utaingia kwa bei yako. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa kitandani, anakohoa. Nilifungua ya chini, ya kati, ya juu, ananitazama tu. Kisha akanitajia jina lake. Akasema, 'Niite kwa jina langu, fundi, halafu uniambie nitoke.'"

"Ukamwita?"

"Niliubeba mlango begani nikaondoka. Siku ya nne walimkuta amekufa kwenye godoro lake, nje ya uzio. Nikaurudisha. Mlango huuhuu. Nikawaleta nyinyi."

Skrubu ya tatu ilianguka. Mke alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba.

"Sikiliza, fundi," alisema mganga kwa sauti ya chini. "Ukimwita, atamwacha mtoto. Lakini hatarudi alikotoka. Atakuwa mgeni wako wewe, popote utakapolala, maisha yako yote."

Midomo ya binti ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Skrubu ya mwisho ilizunguka.

"Mwite," alisema mkewe.

Seremala alipiga magoti kizingitini. Alivuta komeo, akaufungua mlango wazi kwa mkono wake, jua likamwangukia usoni.

"Ingia ndani," alisema, "Zubeda."