Ombi Lisilo na Mtumaji

Mlango wa ofisi ile haukuwa na ufunguo. Mtaalamu, jina la utani alilopewa na dada yake mkubwa, aliuunganisha na tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, kwa kuwa kitasa cha kawaida alikiona cha kizamani. Tovuti ikituma ombi kwenye kompyuta kuu, hesabu ya maombi yanayosubiri jibu hupanda. Jibu likirudi, hushuka. Ikifika sifuri, kiduara kinachozunguka kwenye skrini hutoweka, na mlango hufunguka.

Mchana huo kiduara kiligoma kutoweka. Hesabu ilisimama kwenye moja.

"Fungua bwana, mwanangu ananisubiri shuleni," alisema dada, aliyekuwa naye mle ndani.

"Kuna ombi moja halijajibiwa, dada."

"Basi lijibu."

"Sikulituma mimi. Halina mtumaji."

Alizima kompyuta, akaiwasha tena. Moja. Ndipo walipoisikia harufu ya udongo mbichi, na ndani ya ukuta kitu kikaanza kukwaruza taratibu. Dada akamshika mkono kwa nguvu. Mtaalamu akalifungua lile ombi. Lilikuwa na neno moja tu: Nitoke?

"Usijibu," dada alinong'ona. "Nakuomba, mdogo wangu, usijibu."

Lakini Mtaalamu alikuwa bingwa wa njia za mkato, na kila ombi lilipomkwamia kazini alizoea kuligushia jibu kwa mkono wake ili hesabu ishuke na mambo yaende, na sasa ukwaruzaji ulikuwa umeshafika nyuma ya kiti chake, pumzi ya baridi inamgusa shingoni, dada analia bila sauti huku akimtaja mwanawe, naye hakuona njia nyingine ya kumtoa mle ndani. Akaandika: Ndiyo.

Sifuri. Mlango ukafunguka, dada akatoka mbio. Mtaalamu alimfuata, na alipofika kizingitini mlango ukajifunga mbele ya uso wake.

Kwenye skrini hesabu ilipanda tena. Moja.

Aliupiga mlango kwa ngumi zote mbili na haukutoa mlio wowote. Akaita mpaka koo likamuuma, na hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akabandika sikio mlangoni. Ngazini, dada yake alikuwa akihema.

"Umenitia hofu wewe. Haya, twende tukamchukue mtoto."

"Twende, dada," ilijibu sauti ya Mtaalamu, na hatua za watu wawili zikashuka ngazi.