Risasi Yenye Uzi Mwekundu

Alois Imhasly alianguka Jumapili saa nne asubuhi mbele ya kijiji kizima cha Binnegg, bunduki ya babu yake ikiwa imempasukia mikononi. Kipande cha chuma kilimwingia chini ya jicho. Inspekta Regula Zurbriggen alipofika kutoka mjini, magoti yakimuuma kwa zile ngazi za kupanda uwanja wa shabaha, daktari alikuwa ameshafunga mkoba wake.

Regula alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku ile tu. Alikuwa amechoka na maiti, na maelezo ya watu, na kahawa ya kwenye chupa. Alibakiza msimu mmoja wa baridi astaafu, na alikuwa ameomba kimoyomoyo upite kwa wizi wa jibini na ajali za theluji. Basi akavuta kiti, akaketi mbele ya fundi bunduki, Kilian Biderbost, kwa sababu kila mtu uwanjani alikuwa akimtazama yeye.

Bunduki ile ilikuwa ya jeshi, ya enzi za baruti nyeusi. Ilikuwa imeoza katika zizi la akina Imhasly mpaka Alois alipompa Kilian aifufue. Kilian aliitoa kutu kwa mafuta na subira, akaichongea kitako kipya cha mti wa jozi.

"Uliijaribu kabla ya kumpa mtu?"

"Inspekta, mimi si mwendawazimu. Niliifunga juu ya matairi mabovu, nikajificha nyuma ya ukuta, nikafyatua kwa kamba ndefu. Kila mlio, nakwenda kukagua mtutu na chemba inamokaa risasi. Haikutoa hata ufa."

"Na risasi?"

"Nilizijaza mwenyewe. Baruti nyeusi, nayo kidogo, maana chuma ni kizee. Ya kwanza nikaifunga uzi mwekundu na mweupe."

Ndiyo desturi ya Binnegg. Bunduki iliyofufuliwa hufyatua kwanza risasi ya heshima yenye uzi, na mpigaji huwa fundi aliyeifufua. Wengine wote huweka silaha chini na kunyamaza.

"Sasa mbona aliyefyatua ni Alois?"

Kilian aliangalia mikono yake. "Nilishapiga goti, nimeshaipakia. Nikamwona anaitazama ile bunduki, macho yamemlowa. Juzi tu katimiza sabini. Nikamwambia njoo mzee, hii ni ya babu yako. Mimi ndiye niliyemwita, Inspekta."

Jumatatu maabara ilijibu. Risasi zilizobaki sandukuni zote zilikuwa na baruti nyeusi, kama Kilian alivyosema. Ganda la risasi lililopasuka lilikuwa na mabaki ya baruti ya kisasa ya wawindaji, yenye nguvu ambayo chemba ya kizee haiwezi kuihimili. Kati ya risasi zote, ilichezewa ile yenye uzi peke yake. Sanduku lilikuwa limelala katika kabati la uwanja, na funguo walikuwa nazo watatu: Kilian, marehemu, na Erwin, mdogo wake marehemu, msimamizi wa uwanja.

Mwendesha mashtaka alipiga simu. "Kajaza mwenyewe, kampisha mwenyewe. Unasubiri nini, Regula? Mkamate."

Angeitikia tu, angekuwa nyumbani kabla ya chakula cha jioni, na Kilian angezeekea gerezani. Regula aliomba siku moja, akajichukia kwa kuiomba.

Alianza na Theres Kalbermatten, katibu wa klabu ya shabaha, ambaye hakuwa akisalimiana na Alois tangu ugomvi wa mfereji wa maji ya malisho.

"Ufunguo sina," Theres alisema. "Na machozi ya kumlilia sina, nisikudanganye. Ila nilikuwa mezani kwangu, ubavuni pake. Niliuona uso wake wote. Macho yalimtoka, ikaja damu, ndipo akaanguka. Hata nikilala naiona."

Erwin Imhasly alimkaribisha jikoni, akamkatia mkate wa shayiri na nyama kavu. Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

"Mimi sikuona kitu, Bi Regula. Moshi mweupe ulimfunika, ule mzito wa baruti ya zamani. Ulipotawanyika, kaka yuko chini."

"Ulikuwa mbali?"

"Kama hapa na mlangoni. Lakini mimi unaniuliza nini? Muulize Kilian kwa nini aliinuka."

Regula alishukuru kwa mkate, akatoka. Katikati ya ngazi akasimama, na safari hii hayakuwa magoti. Moshi. Alitamani sana kuendelea kushuka.

Jumanne asubuhi aliwaita Kilian, Theres na Erwin uwanjani, akawaambia wasimame pale waliposimama Jumapili.

"Bwana Erwin, moshi ulikuwa mwingi?"

"Mwingi. Nimeshakwambia."

"Moshi gani?" Theres aliuliza. "Kulikuwa na moshi, Erwin?"

Kilian aligeuka taratibu. Yeye alielewa kwanza, na uso ukampauka.

"Baruti ya kuwindia haifuki moshi kama ule," Regula alisema. "Na ile ilikuwa risasi ya kwanza ya siku, wengine wote silaha chini. Nimewauliza waliokuwepo, kila mmoja aliuona uso wa Alois. Wewe peke yako uliona moshi, kwa sababu hukuangalia. Uligeuka kabla hajafyatua, kisha ukasimulia kile kilichotakiwa kuonekana. Na mtu hageuki kukwepa mlipuko asioujua."

Erwin alikaa chini, pale pale kwenye majani.

"Niliiomba mimi," alisema. "Bunduki ya babu yetu. Niliomba niitengeneze, Alois akacheka. Akasema mimi mikono yangu ni ya kushikia koleo la samadi. Akampa huyu. Kila Jumapili huyu mezani kwetu, huyu na kaka wanacheka. Nilitaka impasukie yeye, mbele ya watu, waone ufundi wake. Aumie, sikatai. Lakini si Alois."

Kilian alimsogelea. Regula alijiandaa kumzuia, lakini fundi alikuwa na swali tu.

"Nilipomwita, ulikuwa hapo. Alivua koti. Akafuta miwani. Akahangaika kupiga goti na ule uzee wake, nikamshika mkono. Muda wote huo, Erwin. Si ungesema neno moja tu?"

"Nilifungua mdomo."

"Halafu?"

"Nikaona watu wananitazama," alisema Erwin. "Nikafumba macho."