Kitufe cha Yai

Kila alasiri Profesa alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akala kiporo chake, kisha akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake. Jina la Profesa alipewa darasani kwa kuongoza katika mitihani, na nyumbani nako likamganda. Dada alikuwa ameinamia kompyuta, akiunda programu ya simu ya kuwakumbusha wafugaji siku za kuchanja vifaranga. Hakuwa na kampuni wala bosi. Alikuwa ameacha kazi katika duka la uchapishaji, na mwenye duka alikubali kumwekea nafasi yake hadi mwisho wa mwezi tu. Programu ikikosa watumiaji, angerudi kulekule.

"Shika simu," dada alisema siku moja. "Wewe hujui kuku wala programu, ndiyo maana nakutaka wewe. Ingiza vifaranga, halafu uniambie umekwama wapi."

Profesa alibonyeza huku na kule. Aliona kalenda, picha ya kuku, na yai dogo pembeni. Sasa hao vifaranga waingizwe wapi? Alirudi nyuma, akaenda mbele, akajikuta palepale. Lakini Profesa mzima aseme kwamba ameshindwa na kuku?

"Iko sawa, Dada. Rahisi sana."

Dada alifurahi, akaiweka kwenye soko la programu. Alibandika matangazo kwenye maduka ya chakula cha kuku, akatuma video fupi kwenye makundi ya wafugaji. Watu wakaipakua kwa wingi. Kesho yake wengi wao walikuwa wameiondoa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Dada alichanganyikiwa. Alidhani tatizo ni jina, akalibadilisha. Akadhani ni rangi, akaweka nyingine. Watu walizidi kuja na kuondoka. Profesa naye alichanganyikiwa kivyake. Huenda watu hao walikwama kama yeye. Au labda waliona kasoro nyingine inayoonwa na wenye akili, na yeye peke yake ndiye hakuelewa kitu? Akisema sasa, ataonekana mwongo. Akinyamaza, dada atarudi kwenye mashine za kuchapisha.

Jumamosi shangazi yao, mfugaji wa kuku, alikuja na simu mkononi.

"Niwie radhi, mwanangu," alimwambia dada kwa aibu. "Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu, na vifaranga sijawaingiza. Nadhani uzee umenifanya mjinga."

"Si wewe, Shangazi," Profesa alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata mimi nilishindwa. Dada, nilikudanganya. Niliona haya."

Dada alimgeukia. "Kwa hiyo siku zote hizi napaka rangi nyumba isiyo na mlango," alisema kwa uchungu. "Hamkubonyeza yai?"

"Yai la nini?" waliuliza kwa pamoja.

"La kuingiza vifaranga."

"Mimi nilidhani unauza mayai," shangazi alisema.

Dada alicheka bila kupenda. Jioni ile aliondoa yai, akaweka kitufe kipana kilichoandikwa "Ongeza vifaranga." Shangazi alifaulu mara ya kwanza, akawaonyesha wafugaji wenzake, nao hawakuiondoa. Mwezi ulipokaribia kwisha, dada alimpigia simu mwenye duka kumwambia ampe mtu mwingine ile nafasi.

Kisha akampa Profesa simu yenye ukurasa mpya wa programu.

"Mdogo wangu, mimi niliyeitengeneza siwezi kupotea humu, maana njia zote nazijua. Nilimhitaji mtu apotee, kisha aniambie ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kusema 'sijaelewa' hakukupunguzii akili, ila kunyamaza kulikaribia kunipotezea kazi. Haya, bonyeza."

Profesa alibonyeza mara mbili, akasita.

"Dada, hapa sijaelewa."

"Wapi?" dada aliuliza, akavuta kiti karibu naye.