Nakala ya Tatu

Jioni ile nilikuwa nimetoka mara moja kununua umeme. Upepo wa mtaa wetu wa Area D ulikuwa unapuliza vumbi kama kawaida yake, nikarudi nimefumba macho nusu. Mlangoni kwangu nikamkuta mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga, ameshika bahasha ya kaki. Nikamwamkia. Akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini, akaniuliza kama mimi ndiye Edward anayechoma diski.

Mimi ndiye. Kazi hiyo ya kunakili diski naifanyia sebuleni, kwa kompyuta ya mezani ambayo mke wangu, Germana, anaiita mke mwenzake. Siku hizi vijana wanabeba filamu kwenye flashi. Waliobaki kwangu ni wazee wenye deki na harusi zao. Sijali. Naipenda kazi yangu, na sipendi kufundishwa namna ya kuifanya. Hapo ndipo nilipokosea.

Aliitwa mama Dorkasi, ametoka kijijini Gulwe. Ndani ya bahasha kulikuwa na diski ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Ruthu, kabla ya harusi. Alinieleza taratibu, bila kulia, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Siku tatu baada ya sendofu Ruthu aliugua ghafla, akafa kabla ya harusi. Wengine walisema homa. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, upande wa mwanamume. Tangu azikwe alikuwa anarudi nyumbani kila kigiza kikiingia, anafungua masanduku yake ya harusi, analia. Mganga akawaambia azikwe pamoja na sherehe yake. Diski moja ifukiwe kaburini, nyingine abaki nayo mama.

"Ziwe mbili tu, baba," alininong'oneza. "Ikiwepo ya tatu, hatajua aende wapi."

Nikaichoma. Kompyuta yangu huimeza kwanza diski nzima, ikaihifadhi ndani, ndipo inaiandika kwenye diski mpya. Ile iliyohifadhiwa ndani siifuti mpaka mwezi uishe, maana wateja wangu wanaweka diski juu ya friji, zinakwaruzika, wanarudi kulalamika. Ndivyo nilivyozoea miaka kumi na moja. Mama Dorkasi aliponiuliza kama kuna kilichobaki, nilimtazama usoni nikamwambia hakuna. Akaniamini, akaenda zake.

Siku ya nne, jioni, Germana alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nilikuwa sijawasha taa.

Vrrr... Kimya.

Vrrr...

Kompyuta ilikuwa inazungusha diski, na diski haikuwemo. Trei ikafunguka yenyewe, ikajifunga. Sebule ikanuka mafuta ya nywele, yale ya saluni, na ndani yake harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Kwenye skrini sendofu ikaanza kucheza. Ukumbi wa watu, mashangazi wamevaa sare, mshereheshaji anaita. Lakini kiti cha Ruthu kilikuwa kitupu. Watu wote walikuwa wamekigeukia, wanasubiri.

Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio...

"Kaka... nyumbani ni wapi?"

Sikugeuka. Niliogopa, sifichi, ila kilichonitoa machozi si woga. Aliuliza kama mtoto aliyepotea sokoni.

Asubuhi nikampigia mama Dorkasi nimweleze ukweli. Hakunipa nafasi. Alikuwa na furaha. Alisema tangu wafukie ile diski Ruthu hajarudi hata mara moja, masanduku yametulia, na yeye mwenyewe amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaniombea kwa Mungu, mimi na uzao wangu.

"Mwanangu amepumzika," akasema.

Nikaitikia amina. Nilijua alipo mwanawe.

Kila jioni alikuja, kila jioni aliuliza lile lile. Jioni ya tano ya kuja kwake nikaanza kumjibu. Nilimwambia polepole, bila kugeuka, mimi ni kaka yako Edward, kaa hapa dada, pumzika. Alikuwa analia kidogo, kisha ananyamaza. Nikazoea. Mungu anisamehe, ikafika mahali nikawa namsubiri.

Germana ndiye aliyesikia harufu ya yale mafuta ya nywele, akataka kujua ni mwanamke gani. Nikamweleza yote. Hakucheka wala hakugomba. Alisema mtoto wa watu hafugwi, nifute ile nakala leo leo, aende kwa mama yake. Nikafuta. Mara mbili nilikosea kubonyeza. Jioni hiyo kompyuta ilikaa kimya, na mimi nikakaa mbele yake.

Kesho yake, kigiza kikiingia, simu ikaita. Mama Dorkasi. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake kulikuwa na mtu analia. Kilio nilikijua.

"Amerudi, baba. Lakini hanijui... Namwambia mimi ni mama yako, hanijui." Akavuta pumzi. "Anaomba apelekwe kwa kaka yake, Edward."

Hapo akaniuliza nilimfanya nini mwanawe.

Nikamjibu.

"Mama, nisamehe."

Kule nyuma, aliposikia sauti yangu, kilio kikakoma.