Gauni la Dirisha Namba Tatu

Walijuana kwa ugomvi. Maji yalikuwa yamekatika siku ya nne, ofisi ya maji imefurika watu, na fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akapiga ngumi dirisha namba tatu. Mtaani walimwita Kiberiti, na hawakumsingizia. Dada wa malalamiko hakupandisha sauti. Alimwonyesha kiti, akamwambia, "Kaa kwanza, kaka. Nakusikiliza."

Kiberiti akakaa, akaona haya. Kesho yake alirudi kuomba radhi. Keshokutwa alirudi bila sababu yoyote, shati limenyooshwa pasi. Zikaanza simu za mchana: umekula, mpenzi? Nimekula, fundi wangu, na wewe usijisahau. Mwisho wakachumbiana.

Tatizo, jamani, ni kuchoka. Dada alitukanwa tangu asubuhi mpaka saa kumi, na jioni hakubakiwa hata na neno. Kiberiti naye alitulia miezi, halafu akawaka. Gauni la kijani la mchumba wake alilishona siku aliyogombana na mteja. Dada alipolijaribu mbele ya mama yake na shangazi zake, mabega yakambana, mikono haikuinuka. Akasema kwa utani kwamba leo fundi wake kamfunga kamba. Kiberiti akajibu, mbele ya wote, kwamba gauni halina kosa. Yeye ndiye kanenepa kwa kukaa kitini kutwa.

Dada alilivua, akalikunja, akamrudishia.

"Kazini nalipwa kuvumilia hasira za watu," alimwambia. "Siolewi ili nifanye zamu ya pili nyumbani."

Simu zake hakupokea tena. Kiberiti akalifumua gauni ili athibitishe kwamba hakukosea. Kumbe mkono wa kulia kauweka kushoto, na wa kushoto kulia. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alilia, gauni mapajani. Kisha akalishona upya taratibu, na kila hasira ilipompanda aliweka sindano chini.

Jumatatu akaenda nalo ofisi ya maji, akachukua namba: themanini na sita. Mtandao ukagoma. Mtu akamkanyaga, mwingine akapita mbele yake bila hata samahani. Ngumi ilijikunja yenyewe. Akaitia mfukoni, akampisha. Saa tisa akaitwa dirisha namba tatu.

Dada aliinua macho mekundu kwa uchovu, akamuuliza lalamiko lake.

"Kuna fundi," alisema Kiberiti. "Aligeuza mikono ya gauni. Badala ya kuomba msamaha, akamtukana mwenye gauni mbele ya mama yake."

Dada aliandika yote bila kutabasamu, akauliza anataka afanyiwe nini.

"Mimi, hakuna. Nimekuja kusema kosa ni langu."

"Sina nguvu ya kukusamehe leo. Nimechoka kweli."

"Najua. Nimekaa hapo tangu asubuhi, nimeona unavyotukanwa."

Hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Dada akalivuta gauni kupitia dirishani, akakagua mishono ya mabega moja moja. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Kaa kwanza, kaka," akasema. "Natoka saa kumi."

Saa kumi ikapita, na robo, na nusu. Kiberiti alikuwa bado amekaa. Mlango wa wafanyakazi ukafunguka, dada akatokea amevaa gauni la kijani, akainua mkono kumwita. Mkono ukapanda mpaka juu bila kubanwa popote.